Jenereta Lilikuwa Narung'ombe

Mwalimu Longinus,

Najua huko uliko umeshaishika ile kalamu yako nyekundu. Anza tu. Barua hii ina makosa mengi, na ya maandishi ndiyo madogo. Mimi shule niliishia darasa la sita, la saba nililisikia kwa watu, lakini nimekanyaga bandari nyingi kuliko mkaguzi yeyote wa elimu aliyewahi kukalia kiti ofisini kwako. Kwa hiyo utasoma hivyo hivyo, na ukimaliza utanipa sifuri. Safari hii sitabisha.

Ni mwezi wa tano sasa tangu tukuzike. Mikorosho imezaa kama wendawazimu, mabibo yanaoza chini, nzi wametajirika. Shuleni wamemleta kijana wa kukaa mahali pako. Suruali imembana kama ameshonewa akiwa ndani yake, fizikia anaifundishia kwenye simu. Watoto wanampenda. Nimemchukia bure, hajanikosea kitu. Benchi lako la barazani bado lipo, ila mkeo Mama Skola amelilaza ubavuni ili mtu asilikalie. Nikipita pale natazama upande wa pili, kama mtu anayedaiwa.

Na umeme unakatika bado. Usije ukafikiri kufa kwako kumewashtua watu wa nguzo.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ulikufa hulijui, na kila mtu kijijini ameshaambiwa na hakuna aliyelisikia. Nitalifikia. Unanijua, sina njia fupi.

Unakumbuka siku niliyokusimulia habari ya meli? Mama Skola alikuwa anapepeta mbaazi, wewe umevaa koti lako la kahawia na jua lote lile, mimi ndiyo kwanza nimerudi kutoka baharini na begi moja na maneno magunia saba. Nikasema, mimi nimevuka bahari kubwa nimelalia mabomu. Ukasema, ndiyo maana hakuna mwanamke aliyedumu nawe, anaogopa kulipuka. Mama Skola akacheka mpaka mbaazi zikamwagika.

Nikakusimulia hivyo hivyo. Kwamba tulipakia bandari ya Warusi, baridi ya kule ukitema mate yanafika chini yameshakuwa jiwe. Kwamba waliletwa askari, halafu makasha ya chuma, na ndani ya makasha kuna mitungi mipana, na kila kasha lina ile alama ya njano yenye mbawa tatu kama pangaboi. Mpishi mkuu, Mfilipino mmoja mfupi, akanambia hii zamani ilikuwa bomu la kufuta mji, sasa inakwenda Marekani kuwasha taa na majokofu. Mimi nikaenda kuliegemea kasha, nikapiga picha kichwani, maana kamera ilikatazwa. Watu wote hapa niliwaambia nilikuwa juu kwa kapteni, nashika usukani. Wewe tu ulijua nilikuwa jikoni namenya viazi. Hukuwahi kuniumbua. Hilo sikuwahi kukushukuru.

Ulikaa kama wiki mbili hivi kimya. Nikajua umeiweka kwenye kapu la chai zangu zingine za uongo. Kumbe ulikuwa unatafuta. Ukaja bandani kwangu umekumbatia kitabu kisicho na jalada, ukasema, "Baharia, nimekuta. Mara ya kwanza tangu tujuane uongo wako umekubaliana na kitabu."

Halafu ukanifundisha, mimi mtu mzima, kwa mabibo. Ukasema mabibo ukiyakamua na kuyaacha yachachuke unapata uraka. Mtu anakunywa, anaimba, kesho analima. Ukiuchukua uraka ukaupika ukakinga mvuke wake unapata nipa, na nipa hiyo chupa moja inamlaza mtu hadi mazishi. Sasa madini ya urani, ukasema, yanatoka ardhini yakiwa mchanganyiko: yale makali hayafiki hata moja kwenye mia. Anayetaka taa anayaongeza kidogo, manne, matano kwenye mia, basi. Anayetaka bomu anachuja na kuchuja mpaka makali yanapita tisini kwenye mia. Hiyo ndiyo nipa yao. Wakubwa wale waligombana miaka na miaka, wakapika, wakapika, walipopatana wakajikuta wana nipa nyingi kuliko walevi.

Nikakuuliza, si waimwage? Ukasema, haimwagiki popote, inaozesha dunia. Waifiche? Itaibwa. Ndipo wakaamua kuizimua. Chuma kile wanakikwangua kama nazi, wanakiunguza kiwe unga, unga wanaugeuza mvuke, halafu mvuke mkali na mvuke mpole vinakutanishwa kwenye bomba, polepole, kwa kipimo. Kinachotoka upande wa pili ni cha jikoni. "Mwizi akiiba hapo kaiba uraka," ukasema. "Akitaka nipa atafute mtambo apike upya." Hicho ndicho nilichokiegemea mimi baharini na viazi vyangu mkononi, na nilikuwa sijui mpaka uliponiambia wewe ambaye bahari umeiona Lindi mara mbili.

Ukakohoa kile kikohozi chako cha pumu. Ukanitazama chini ya miwani. "Wenzetu wana makali ya ziada mpaka wanayageuza taa," ukasema. "Sisi hapa cha ziada tuna nini?"

Nikasema mbaazi.

"Tuna mdomo wako," ukasema, "na jenereta lako."

Hapo uliniotea. Ni kweli lilikuwa la ziada. Nililileta kutoka Dar wakati kijiji kizima ni koroboi, nikafungua banda la video, nikawa mimi ndiye nguzo na mimi ndiye mita. Nguzo zenyewe zilipofika, kila nyumba ikawa na balbu, na ule mzigo wangu wa dizeli ukabaki wa kupigia muziki ngomani na kunitangaza jina. Nililiandika ubavuni kwa rangi nyekundu, BAHARIA, herufi kama za meli. Kazi yake ilikuwa ni hiyo: kupiga kelele na kusomeka.

Na zahanati ilikuwa imepewa ile mashine ya oksijeni. Wewe ukiwa kwenye kamati, ukawa huna wimbo mwingine. Mashine bila umeme ni kabati, Baharia. Umeme wetu unakatika, Baharia. Mrusi amegeuza bomu, wewe unashindwa kugeuza jenereta la disko? Nikakujibu likikaa zahanati watu wataliiba kipuri kimoja kimoja kama panya wa kwenye ghala. Tukakubaliana likae kwangu, ni hatua mia mbili tu, na umeme ukikatika kuna mgonjwa nilisukume mwenyewe, usiku au mchana, mvua au jua. Niliahidi mbele ya Mama Skola. Wewe ukapandisha ngazi na mapafu yako yale, ukavuta waya mpaka dirisha la zahanati, ukaacha ncha inaning'inia ikinisubiri.

Mara mbili nililisukuma. Mara mbili, Mwalimu. Yule mtoto wa homa ya mapafu, na yule mama wa Mnero aliyekuja kwa ndugu zake akazidiwa. Nilikuwa natembea kijijini kama nimezaa mapacha. Sikunyamaza mwezi mzima.

Sasa sikiliza.

Ile Alhamisi ulipokuwa umekaa kwenye benchi umeshika kifua, nikapita na toyo, ile pikipiki ya kubebea mizigo, jenereta nyuma limefungwa kamba. Ukaniuliza, "Unalipeleka wapi?" Nikasema Nachingwea, kwa fundi, linavuja mafuta. Ukasema, "Vizuri. Litengenezwe kabla vumbi halijanizidi." Ukanipungia mkono.

Halikuwa linavuja. Wala toyo haikwenda Nachingwea. Nilipofika barabara kubwa nilikata upande wa Ruangwa. Narung'ombe kulikuwa na sherehe ya kuwatoa mabinti unyagoni, kile kitongoji hakina nguzo, wakanipigia simu: Baharia wa mabomu, bila wewe shughuli haichangamki. Waliniita hivyo, Baharia wa mabomu. Unajua mtu anavyoweza kuuzwa kwa jina? Mimi niliuzwa kwa hilo, rahisi kuliko kuku. Nikajiambia siku tatu tu. Mwalimu anakohoa kila mwaka, hawezi kuchagua siku tatu hizi hizi.

Ukachagua Jumamosi saa nane mchana.

Nesi ndiye aliyenisimulia, na mimi nilimwambia asimulie taratibu. Kwamba walikubeba, wakakuweka kwenye mashine, ukatulia, rangi ikarudi kwenye midomo. Kwamba ulimtania hata yeye, ukamwambia hewa ya kununua ina ladha ya mpira. Gari la wagonjwa likawa limeitwa, liko njiani. Halafu pangaboi la ukutani likaanza kuzunguka taratibu, taratibu, likasimama. Ulilitazama wewe kwanza kabla yao. Nesi anasema ulinyoosha kidole dirishani, kwenye ule waya uliouning'iniza. Watu wakakimbia kwangu. Wakakuta mduara wa dizeli sakafuni. Mtu akasema, liko kwa fundi Nachingwea. Wakarudi kukwambia liko kwa fundi, na wewe ukatikisa kichwa kama mtu anayesema basi, si kosa lake.

Si kosa lake! Mwalimu!

Nimeikwaza kalamu hapo, karatasi imetoboka. Naendelea.

Nilifika jioni, jua linazama, nimepanda pikipiki ya mtu. Mama Skola akanishika mikono. Akanambia, "Pole shemeji, najua unajilaumu. Kama siyo ubovu wa jenereta ungefika." Alinifariji. Mjane siku ile ile ananifariji mimi. Nikafungua mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno tangu uzaliwe, ukakosa.

Sasa unajua kwetu. Tangu babu yangu alipovuka Ruvuma akapokewa na babu yako, koo zetu ni watani, na kwenye msiba wa mtani wangu kulia ni kazi ya ndugu, kazi yangu ni kuchekesha. Nisingekwenda wangesema nimewatenga. Asubuhi ya mazishi nikaletewa koti lako, miwani yako yenye uzi, nikabandika chaki sikioni. Nikawaendea pale kaburini, wachimbaji wamesimama na majembe, katekista ameshafunga kitabu. Nikakohoa kikohozi chako. Watu wakaanza kuguna kwa kicheko kabla sijasema. Nikasema, "Wewe uliye nyuma, toa mkono mfukoni!" Wakaangua.

Na hapo, Mwalimu, nikaona mlango. Nikasema ndani ya nafsi yangu, sema sasa hivi, mbele ya wote, mara moja tu, uishe.

Nikasema: "Somo la leo. Mwalimu amekufa kwa kukosa nini?" Wakaitikia kama darasani, "Hewa!" Hewa imekosekana kwa kukosa nini? "Umeme!" Na jenereta la Baharia lilikuwa wapi? "Kwa fundiii!" Nikasema, hapana, sifuri wote, kaeni chini. Jenereta lilikuwa Narung'ombe! Lilikuwa linapiga muziki! Nani alilipeleka? Nikavua miwani yako. Nikasema huyu hapa, mimi Bakari, nimemdanganya Mwalimu machoni pake, nimemuua mimi, nifungeni.

Nikanyoosha mikono. Machozi yalikuwa yananitoka ya kweli kabisa.

Wakacheka, Mwalimu. Sijawahi kuchekesha watu namna ile maisha yangu yote, na unajua nimejitahidi. Wachimbaji walitupa majembe. Kaka yako alikaa chini kwenye udongo. Mtu akanifunga mikono kwa kitenge, mwingine akanimwagia unga kichwani, vigelegele vikapigwa. Nasikia sauti, "Tazama anavyojua kulia!" "Baharia, utatuua na sisi!" Nikazidi kupiga kelele kwamba ni kweli, wallahi ni kweli, na kila nilivyoapa ndivyo walivyozidi. Na Mama Skola, ambaye alikuwa hajala wala hajalala tangu jana yake, nilimwona ameinama chini ya kanga, mabega yanatikisika. Nikafikiri analia. Akainua uso, anacheka. Anajifuta macho, anacheka, anatulia, anacheka tena.

Mimi nilizunguka dunia nikiwadanganya watu wakaniamini. Siku niliyosema kweli nilikuwa mtani.

Baada ya hapo nilijaribu. Nilimwendea katekista, akanishika bega, "Acha bwana, ile ya kaburini bado mbavu zinaniuma." Nilimwendea Mama Skola wiki ya pili. Nikamwambia shemeji, yale niliyoyasema makaburini ndiyo yenyewe. Akatabasamu, akaniwekea uji. Akasema, "Shemeji, wewe ulinirudishia pumzi siku ile. Bila wewe ningeingia naye shimoni." Nikanywa uji. Ulinishuka kama mchanga.

Ningeweza kuacha. Nataka ujue hilo, ulipime. Kijiji kizima kilikuwa kimenisamehe kosa ambalo hakikuamini kama nimelitenda. Kuna mtu mwenye bahati kuliko mimi? Ningekaa na mzaha wangu mpaka nife, wangenizika kwa vicheko. Lakini kila walipokutana nami walinambia, rudia ile, rudia ile ya jenereta. Kwenye harusi! Kwenye kilabu cha uraka! Kifo chako kikawa kichekesho changu bora. Nikaona nikiendelea hivi, siku moja nitairudia mwenyewe kwa hiari, na nitaipamba.

Basi nikaichukua simu.

Hili la simu nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Kule Narung'ombe nilimpa binti mmoja simu yangu anirekodi, maana sherehe bila kumbukumbu ya Baharia ni mkutano tu. Video ipo. Nimevaa kofia ya kapteni niliyoinunua mtumba. Jenereta linanguruma nyuma yangu, jina linasomeka vizuri. Nimeshika maiki, nawasimulia, unajua nini, nawasimulia namna nilivyowavusha Wamarekani mabomu ya Warusi yaliyogeuzwa taa. Kwa maneno yako, Mwalimu. Nipa na uraka, nimekuibia yote. Wanapiga makofi. Halafu picha inaanza kutetemeka, na unamsikia yule binti anasema, "Baharia, simu yako inaita! Nesi anapiga!"

Na unanisikia mimi, kwenye maiki, watu wote wanasikia, nasema: "Iache iite! Leo umeme ninao mimi, wa kunitafuta wanitafute!"

Wakashangilia.

Ziko simu kumi na moja zilizokosa majibu. Saa imeandikwa. Kutoka Narung'ombe nisingewahi, nimelipiga hesabu hilo kwa kila barabara, hata kwa ndege nisingewahi. Lakini nesi angejua. Angeacha kusubiri dirishani. Angetuma mtu kwa mwenye mashine ya kusaga aulize kama injini yake inaweza kutoa umeme, angefanya lingine. Walipoteza muda wakinitafuta mimi.

Nilimkuta Mama Skola peke yake, mchana, anamenya muhogo. Sikukaa. Sikusema shemeji hivi wala vile, kwa sababu nikifungua mdomo atacheka. Nikamwekea simu mkononi nikaiwasha. Aliitazama kwa ule uso wa kusubiri mzaha. Halafu uso ukabaki pale pale lakini mwenyewe akaondoka ndani yake. Ilipofika mwisho akasema, "Rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. "Sauti hiyo ni yako?" Nikasema ni yangu. "Rudisha tena."

Mara tatu, Mwalimu.

Sikuwa na hofu ya kupigwa na kisu kile cha muhogo. Nilikitamani. Akakiweka chini polepole, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Kumbe ulisema kweli pale kaburini."

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nikacheka."

Kuku wakaja wakala maganda hapo miguuni petu. Akasema, "Kumwacha afe, watu huacha watu wakafa. Uongo, wewe ni muongo, tunakujua. Lakini umenichekesha, Bakari. Nimecheka juu ya shimo la mume wangu, na ilikuwa kweli." Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. "Hicho kicheko nitakitoaje? Kiko humu. Kila nikimkumbuka Longinus kinakuja mbele."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono. "Siku nikifa mimi, usije kutania. Kaa na watu wengine, ulie kama watu wengine. Watoto nitawaambia mimi mwenyewe. Na hilo lidude lako lipeleke zahanati walifungie huko. Lakini mdomo ubaki nyumbani. Nikisikia mahali popote umejisifu kwalo, hata kwa mlevi, nitakuja nilichome moto mbele ya watu."

Akachukua kisu, akaendelea na muhogo. Sikujua kama niondoke. Nikaondoka.

Nimelipeleka. Kwanza nilichukua kwangulio la chuma nikakaa nalo siku nzima nikikwangua herufi zile, rangi ya meli haitoki kirahisi, vidole vimechunika mpaka leo. Nikalisukuma hatua mia mbili zile, kwenye jua, na hakuna aliyeniuliza kwa sababu wamezoea kuniona nalo. Nikaunganisha kwenye ncha ya waya wako. Nesi akatoa daftari la vifaa akaniuliza aandike limetoka wapi. Unajua mimi kwenye swali kama hilo ni mtu wa nusu saa. Nikamwambia andika lipo.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa nne asubuhi, mama mmoja yuko kwenye uchungu na mtoto hatoki vizuri. Likawashwa. Mtoto akazaliwa bluu, akawekwa kwenye mashine, akawa mtoto. Nilikuwa nje na dumu la dizeli. Baba yake alitoka akamkumbatia kila mtu aliyekuwepo, na mimi nikiwemo, kwa zamu tu.

Jana kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akasimama, tumbo mbele, akatangaza kwamba katika mafanikio ya uongozi wake, zahanati sasa ina jenereta. Akaeleza namna alivyohangaika. Ofisi hii, ofisi ile. Akaongeza safari ya Lindi ambayo hakwenda. Mwalimu, jamaa hajui kudanganya! Hana mpangilio, anasahau alipoanzia, nilikuwa natokwa jasho kwa kumwonea aibu. Mara mbili nilijikuta nimeinuka nusu. Mama Skola alikuwa mstari wa mbele, mgongo umenyooka. Hakugeuka, lakini niliona shingo yake inasikiliza.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Makofi yale yalikuwa mazito kuliko jenereta lenyewe.

Mkutano ulipoisha Mama Skola alipita karibu yangu. Hakunisalimu. Mwanao Skola alitaka kunisalimu, mama yake akamshika mkono wakaenda. Sawa. Nimeomba msamaha kwa mtu mwenye uwezo wa kuukataa, akaukataa, na sina rufaa. Kwako siombi. Wewe ungenisamehe haraka, kwa kutikisa kile kichwa, na mimi ningelala usingizi. Sitaki.

Ninachokuahidi ni hiki. Dizeli haitakosekana dumuni nikiwa hai. Kila Jumamosi saa nane nitaliwasha kwa dakika kumi, umeme uwepo usiwepo, nisikie kama limekaa sawa. Simu ikiita nitaipokea, hata nikiwa nazungumza na rais. Na mtu akiuliza lile jenereta ni la nani, nitamwelekeza kwa mwenyekiti.

Pumzika, Mwalimu. Vuta hewa.

Bakari